Injini ya boti haichaji betri: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya ndiyo yanayorudi kila mara kwa mafundi wa Moshi wanaopokea injini za boti. Nyingi hutoka Bwawa la Nyumba ya Mungu, na nyingine ni za watu wanaoishi Moshi au Arusha lakini boti zao ziko Pangani au Tanga. Majibu yameandikwa kwa mtu mwenye spana mbili tatu na multimita (kipima umeme) ya kawaida. Kama huna multimita, nunua kabla ya kununua kipuri chochote. Vipuri vingi vinavyobadilishwa kwa sababu ya tatizo la chaji huwa vizima kabisa, na pesa ya mvuvi hupotea bure.

## Mambo ya mwanzo

Injini ya boti inachajije betri?

Kwenye injini ya kuning'inia nyuma ya boti, chini ya gurudumu zito la juu (flaiwili) kuna koili za shaba. Flaiwili ina sumaku ndani yake. Ikizunguka, koili hutoa umeme unaogeuka mwelekeo kila mara, na umeme wa aina hiyo hauwezi kuingia kwenye betri. Hupita kwanza kwenye rektifaya, ambayo huuelekeza upande mmoja. Injini nyingi zina regyuleta pia, inayozuia volti zisipande kupita kiasi, na mara nyingi viwili hivi hukaa ndani ya boksi moja. Kutoka hapo umeme hupita kwenye fyuzi na kuingia kwenye betri.

Injini ya ndani, yaani dizeli inayokaa katikati ya boti, hutumia alteneta inayozungushwa na belti kama ya gari. Ina sehemu yake hapa chini.

Injini inawaka na kukimbia vizuri. Inakuwaje isichaji?

Kwenye injini nyingi za nyuma, koili inayotoa moto wa plagi siyo inayochaji betri. Zote mbili ziko chini ya flaiwili, lakini kila moja ina kazi yake na nyaya zake. Ya kuchaji inaweza kuungua huku injini ikiendelea kuwaka vizuri, na wewe usijue lolote mpaka siku stata itakapogoma.

Yangu ni ya kuvuta kamba. Ina mfumo wa kuchaji?

Huenda ina nusu yake. Injini nyingi ndogo za kamba huja na koili ya taa, yenye nyaya mbili zinazoishia kwenye plagi pembeni, na hutoa wati 60 hadi 80 injini ikiwa kwenye mwendo mkubwa. Umeme wake haujapita kwenye rektifaya, kwa hiyo usiziunge nyaya hizo moja kwa moja kwenye betri. Ukifunga rektifaya yenye regyuleta inayofaa (tazama swali la regyuleta ya pikipiki), betri itachajiwa. Injini nyingine hazina koili hiyo kabisa. Kwa hizo, jibu ni sola au chaja ya umeme wa nyumbani.

## Kupima

Namba zipi za volti nizishike kichwani?

Pima betri ikiwa imepumzika saa kadhaa, bila kuchajiwa na bila kutumika. Ikisoma 12.6 hadi 12.7 imejaa. Kwenye 12.4 imebaki kama robo tatu, 12.2 ni nusu, na 12.0 ni karibu robo. Chini ya 11.8 hesabu kwamba imeisha, na ukiiacha hivyo wiki nzima inaharibika.

Injini ikiwa inaunguruma na umepiga resi kiasi, volti kwenye vichwa vya betri zinapaswa kupanda hadi kati ya 13.8 na 14.5. Zikibaki pale pale zilipokuwa kabla ya kuwasha, hakuna chaji inayofika. Zikipita 15, chaji imezidi.

Namba ya tatu hupimwa wakati wa kupiga stata. Volti zikianguka chini ya 9.6 wakati injini inazungushwa, betri ama haijajaa ama imechoka, hata kama ilisoma 12.6 ilipokuwa imetulia. Hapa ndipo wengi wanapodanganyika. Betri iliyozeeka huonyesha volti nzuri bila mzigo, kisha inaanguka mara tu inapodaiwa kazi.

Nianzie wapi nikitafuta tatizo?

Anza na betri, kisha maungio, kisha nyaya na fyuzi, na mwisho kabisa koili na rektifaya. Watu wengi huanza mwisho kwa sababu rektifaya inaonekana kama kitu cha kununua na kubadilisha, lakini sehemu ya kwanza ya kazi ni ya bure.

Chaji betri ijae kwa chaja ya nje, iache ipumzike, kisha ipime. Kama baada ya kuchajiwa usiku kucha inasoma karibu 10.5, chumba kimoja kati ya sita kimekufa, maana kila chumba hutoa kama volti 2.1. Betri hiyo haifufuki. Ukiwa na haidromita, kifaa cha kupima uzito wa maji ya betri, maji ya betri iliyojaa husoma kati ya 1.26 na 1.28, na vyumba vyote visipishane sana. Chumba kilicho chini ya vingine kwa 0.05 ndicho kinachowavuta wenzake.

Betri ikiwa nzima, fungua vichwa vyake, visugue kwa msasa ndani na nje mpaka risasi ing'ae, kisha ukaze. Ukishika kichwa kwa mkono na kikazunguka hata kidogo, hakijakazwa. Fanya hivyo hivyo kwenye upande wa pili wa waya wa hasi, pale unapofungwa kwenye mwili wa injini. Watu husafisha upande wa betri na kusahau huo, wakati mara nyingi ndiyo wenye kutu.

Halafu pima upotevu. Injini ikiwa imepigwa resi na taa zimewashwa, weka waya mmoja wa multimita kwenye chanya ya betri na mwingine pale chaji inapotokea kwenye rektifaya. Ukiona zaidi ya volti 0.3, umeme unapotea njiani. Rudia upande wa hasi, kati ya mwili wa injini na hasi ya betri, ambapo isizidi 0.2. Kipimo hiki huokoa rektifaya nyingi kutupwa bure.

Nitapimaje nikiwa nchi kavu?

Pipa la maji. Fundi wa Moshi hana ziwa mlangoni, kwa hiyo injini hufungwa kwenye ubao imara na mguu wake huzamishwa ndani ya pipa la lita 200, maji yakiwa juu ya matundu ya kunyonyea. Toa panga (propela) kwanza ili maji yasirushwe nje. Ukiwasha, hakikisha maji ya kupoza yanatoka pembeni mwa injini. Usiiwashe kavu hata kwa muda mfupi, kwa sababu raba ya pampu ya maji hupozwa na maji yale yale inayosukuma na huungua haraka. Na usipige resi ya juu kwa muda mrefu pipani: maji ya pipa hupata moto upesi. Kwa kupima chaji, dakika chache kwenye mwendo wa kati zinatosha.

## Dalili na maana yake

Volti hazipandi kabisa. Ni koili au rektifaya?

Baada ya kumaliza hatua za juu, chomoa nyaya mbili za koili ya kuchaji zinapoingia kwenye rektifaya. Rangi hutofautiana: Yamaha nyingi ndogo hutumia za kijani, Mercury hutumia za njano. Weka multimita kwenye volti za AC (umeme unaogeuka mwelekeo), washa injini, kisha pima kati ya nyaya hizo mbili. Volti zinapaswa kuonekana hata injini ikiwa inaunguruma polepole, na kupanda waziwazi unapopiga resi. Zikipanda, koili ni nzima na shaka inahamia kwenye rektifaya. Zikiwa sifuri au zikigoma kupanda, koili ina tatizo.

Zima injini upime omu (ukinzani) kati ya nyaya hizo hizo. Koili nzima husoma kidogo sana, kwa kawaida chini ya 2. Gusanisha kwanza ncha za multimita yenyewe, kwa sababu multimita za bei nafuu husoma 0.3 hadi 0.5 kabla hujapima kitu, na lazima uitoe namba hiyo. Kisha pima kutoka kila waya hadi mwili wa injini. Kwenye injini nyingi hapapaswi kuwa na njia. Ukipata njia, koili imechubuka na inagusa chuma. Angalia tu mchoro wa injini yako, maana zipo chache ambazo upande mmoja wa koili umefungwa kwenye mwili kwa makusudi.

Rektifaya hupimwa kwenye alama ya dayodi (kipande cha ndani kinachopitisha umeme upande mmoja tu), ikiwa imechomolewa nyaya zote. Kutoka kila waya wa koili kwenda waya wa chanya unapaswa kupata kati ya 0.4 na 0.7 upande mmoja, na ukigeuza ncha usipate kitu. Ukipata pande zote mbili, dayodi imepiga shoti. Ukikosa pande zote, imekatika. Boksi lenye regyuleta ndani linaweza kupita kipimo hiki na bado likawa bovu, hivyo kama koili inatoa volti nzuri, nyaya ni safi na chaji bado haifiki betrini, boksi ndilo la kubadilisha.

Mshale wa mizunguko ya injini umekufa siku moja na chaji. Vinahusiana?

Ndiyo, sana. Kwenye injini nyingi za nyuma mshale huo husoma mapigo kutoka kwenye mfumo wa kuchaji. Vikifa pamoja, tatizo liko kwenye koili au rektifaya, na betri haina kosa.

Inachaji nikikimbia tu, nikienda polepole haichaji.

Ndivyo zilivyotengenezwa. Sumaku zikizunguka taratibu, koili hutoa umeme kidogo. Mvuvi anayesogea polepole akikagua nyavu huku taa zinawaka anatumia betri, hachaji.

Chaji inafika, nimepima 14.2, lakini betri haimalizi wiki. Kwa nini?

Hili ndilo swali linalorudi kuliko yote, na jibu lake ni hesabu. Chukua boti yenye taa tatu za LED za wati 10 kila moja. Jumla ni wati 30, ambazo kwa betri ya volti 12 ni ampea 2.5. Zikiwaka saa nane za usiku, zimekula ampea-saa 20. Injini yenye koili ya wati 80 hutoa ampea 6 hivi, na hizo ni kwenye mwendo mkubwa tu. Ukikimbia nusu saa kwenda kwenye nyavu na nusu saa kurudi, umerudisha ampea-saa 6, tena ukiwa na bahati. Kila usiku unabaki na deni la 14.

Betri ya N70 ina ampea-saa 70, na betri ya aina hii haipendi kushushwa chini ya nusu. Usiku wa kwanza deni ni 14, wa pili 28, wa tatu 42. Usiku wa tatu tayari umevuka nusu, na kuanzia hapo kila safari inaila betri yenyewe. Miezi michache baadaye unaambiwa betri ni feki. Huenda ni nzima kabisa, ila matumizi yanazidi mapato.

Suluhisho ni moja kati ya matatu: punguza mzigo, chaji kwa chaja ya nje kila baada ya usiku mmoja au miwili, au ongeza sola (tazama sehemu ya hali za pekee). Kubadilisha rektifaya hakutasaidia, hata ufunge ya bei gani.

Volti zinapita 15 na maji ya betri yanakauka.

Regyuleta imekufa, au injini yako haikuwa nayo tangu mwanzo. Injini za zamani zilikuwa na rektifaya peke yake, zikitegemea betri kubwa imeze chaji iliyozidi. Ukizifungia betri ndogo, au betri isiyofunguka maji, unaichemsha. Joto la Nyumba ya Mungu, ambalo si la Moshi mjini sembuse Arusha, huongeza ukaukaji wa maji hata kwa mfumo mzima, kwa hiyo kagua kiwango kila wiki mbili.

Unapoongeza, tumia maji yaliyosafishwa ya betri. Dukani chupa mbili hukaa pamoja na zote huitwa maji ya betri: moja ni maji matupu, nyingine ni asidi. Kinachokauka ni maji, asidi inabaki ndani. Ukiongeza asidi, unaifanya kali zaidi na sahani za ndani zinaliwa. Maji ya bomba nayo usitumie, hata yale yanayoshuka mlimani yakiwa yanang'aa, kwa sababu yana madini.

Boti imepaki, kila kitu kimezimwa, lakini asubuhi betri iko chini.

Kuna kitu kinanyonya. Chomoa waya wa hasi, weka multimita kwenye ampea kati ya waya huo na betri, kisha usome. Usipige stata ukiwa umeunga hivyo, utaunguza multimita. Boti iliyolala inapaswa kusoma karibu sifuri. Ukiona nusu ampea, toa fyuzi mojamoja mpaka namba ianguke.

Mshukiwa wa kwanza ni pampu ya kutoa maji yenye swichi ya kuelea. Boti inavuja kidogo, swichi inapanda, pampu inawaka mara ishirini usiku mmoja na hakuna aliyeko kuisikia. Hapo dawa ni kuziba boti. Rektifaya yenye dayodi iliyopiga shoti nayo hunyonya betri usiku, na utaijua kwa kuwa namba huanguka unapochomoa waya wake wa chanya.

Fyuzi ya chaji inaungua kila nikibadilisha.

Usiweke kubwa zaidi, na usifunge waya wala karatasi ya sigara. Kuna shoti kati ya rektifaya na betri, mara nyingi pale waya unapopita ukingo wa kifuniko cha injini na kuchubuka. Tafuta hapo kwanza. Kwenye boti ya petroli, waya unaopata moto ni hatari ya maisha.

## Injini ya ndani yenye alteneta

Nitajuaje kama ni belti?

Bonyeza belti kwa kidole gumba katikati ya sehemu ndefu. Ikizama zaidi ya sentimita moja hivi, imelegea. Unga mweusi kuizunguka na mlio mkali unapopiga resi ni ushahidi mwingine. Kaza, lakini usikaze kupita kiasi: beringi za alteneta hulia baada ya wiki chache.

Taa nyekundu ya betri haiwaki kabisa ninapofungua swichi. Si ni nzuri?

Hapana. Inapaswa kuwaka kabla ya kuwasha injini na kuzimika baada ya kuwaka. Kwenye alteneta nyingi, umeme mdogo unaopita kwenye taa hiyo ndio unaoamsha sumaku ya ndani. Balbu ikiungua, alteneta inaweza kuzunguka siku nzima bila kuchaji. Balbu ya bei ndogo imesababisha alteneta nyingi nzima kupelekwa kusukwa upya.

Kuna jaribio la haraka. Fungua swichi bila kuwasha injini, kisha sogeza ncha ya bisibisi karibu na beringi ya nyuma ya alteneta. Ikivutwa, sumaku imeamka na shaka iko kwenye dayodi au nyaya. Isipovutwa, angalia balbu, waya wake, kisha kaboni. Kaboni zilizoisha hubaki fupi na hazigusi tena pete za shaba. Kwa fundi wa alteneta hiyo ni kazi ndogo, na kwa kuwa nyingi zinafanana na za magari, Moshi na Arusha hazikosi mtu wa kuifanya.

## Vipuri na njia za mkato

Naweza kufunga regyuleta ya pikipiki?

Wakati mwingine, lakini usiichukue tu kwa sababu plagi inaingia. Pikipiki nyingi ndogo zina koili ambayo upande mmoja umefungwa kwenye mwili, na regyuleta zake zimetengenezwa hivyo. Koili ya injini ya boti kwa kawaida ina ncha mbili huru. Ukiunganisha ncha moja na mwili ili regyuleta hiyo ifanye kazi, unapata nusu ya chaji na pengine kuunguza koili. Tafuta regyuleta inayopokea nyaya mbili za koili zilizo huru, yenye uwezo wa ampea kuzidi zile za injini yako, na uifunge kwenye chuma kinachoweza kupoa, si juu ya ubao.

Betri ya gari inafaa?

Kwa kupiga stata, ndiyo. Kwa taa za usiku kucha haidumu, maana sahani zake ni nyembamba. Kama uwezo upo, tafuta betri ya kutumika polepole, aina inayouzwa na watu wa sola.

Je, nikiomba umeme kutoka kwenye Fuso?

Fuso ina volti 24, yaani betri mbili za 12 zilizofuatana. Ukiunga kwenye ncha za mwisho za zote mbili unaua rektifaya na pengine kompyuta ya injini. Unga kwenye betri moja tu kati ya hizo mbili, na injini ya lori iwe imezimwa. Gari dogo la volti 12 halina shida hiyo.

Naweza kuchomoa betri injini ikiwa inawaka, niipeleke kwenye boti nyingine?

Usithubutu. Betri ndiyo inayotuliza volti. Ikichomolewa, volti huruka ghafla na rektifaya au dayodi za alteneta huungua. Kuzima swichi kuu ya betri injini ikiwa inawaka ni kosa lile lile. Kugeuza chanya na hasi, hata kwa kugusa mara moja tu, kuna matokeo hayo hayo. Paka rangi nyekundu waya wa chanya, maana betri za boti hufungwa gizani.

Ule unga mweupe kwenye vichwa vya betri unaondolewaje?

Koroga magadi kwenye maji ya uvuguvugu, kijiko kimoja kwa kikombe, upake kwa mswaki wa zamani. Yatatoa povu, ndiyo asidi inauawa. Vifuniko vya betri viwe vimefungwa kabisa, kwa sababu magadi yakiingia ndani yanaharibu maji ya betri. Suuza, kausha, kaza, kisha paka grisi juu. Grisi ni baada ya kukaza.

Nimetumia waya wa nyumba kutoka injini hadi betri iliyo mbele ya boti. Kuna ubaya?

Mbili. Waya wa nyumba wa uzi mmoja mnene hukatika ndani kwa mtikisiko bila kuonekana kwa nje. Na ni mwembamba. Waya wa milimita 1.5, mita 5 kwenda na 5 kurudi, ukipitisha ampea 6 unapoteza karibu volti 0.7. Injini inatoa 14.2, betri inapata 13.5, na inachelewa sana kujaa. Tumia waya wa nyuzi nyingi wa milimita 4, upotevu unashuka hadi kama 0.26. Au sogeza betri karibu na injini, kama uzito wa boti unaruhusu.

## Hali za pekee

Boti yangu iko Pangani. Yote haya ni sawa?

Vipimo ni vile vile, ila chumvi hufanya kazi ndani ya waya. Ukikata waya ukakuta shaba nyeusi, endelea kukata nyuma mpaka ukutane na inayong'aa. Wakati mwingine ni nusu mita. Maungio ya kusokota na tepu hayafai baharini. Bana kwa vichwa vya shaba na uzibe kwa mpira unaosinyaa kwa moto.

Sola ya ukubwa gani itanitosha?

Kwa boti ya mfano wa hapo juu, yenye deni la ampea-saa 14 kwa usiku, paneli ya wati 100 inatosha siku ya jua zuri, maana hutoa kama 25 hadi 30. Lazima ipite kwenye kontrola, kifaa kinachodhibiti chaji ya sola. Paneli na injini vinaweza kuchaji betri moja kwa pamoja bila kugombana.

Napeleka betri Moshi kuchajiwa, kwa bodaboda. Kuna tahadhari?

Isimame wima, vifuniko vimekazwa, na vichwa vifunikwe kwa mpira ili chuma cha pikipiki kisipige shoti. Asidi ikimwagika kwenye ngozi, osha kwa maji mengi mara moja. Ikichajiwa isifungiwe ndani, kwa sababu hutoa gesi inayolipuka kwa cheche: zima chaja kwanza, ndipo uchomoe klipu.

Nimeuziwa betri ya lithiamu. Niifunge?

Usiifunge moja kwa moja kwenye injini. Betri hizo zina ulinzi wa ndani unaojikata zikijaa au volti zikizidi, na zikijikata injini ikiwa inawaka ni sawa na kuchomoa betri, jambo lililoelezwa hapo juu. Zitumie kwa taa, zichajiwe na sola, na injini ibaki na betri yake ndogo ya maji.

Betri imeisha niko katikati ya bwawa. Nifanyeje?

Zima kila kitu, subiri dakika kumi, jaribu stata mara moja. Betri iliyopumzika hurudisha nguvu kidogo. Ikigoma, injini nyingi ndogo huwashwa kwa kamba ya dharura, na moto wa plagi hautegemei betri. Kofia ya flaiwili ikiwa imetolewa, nguo na mikono vikae mbali nayo, na gia iwe huru. Injini za kisasa zenye kompyuta zinaweza kukataa bila betri. Mwenye injini hiyo asiingie majini usiku bila betri ya akiba na makasia. Nyumba ya Mungu ina mamba, na upepo wake wa mchana husukuma boti isiyo na injini mbali na ulikotoka.

Nikiamua kwenda kwa fundi, nipeleke nini?

Peleka injini pamoja na betri yake, rektifaya na nyaya zote kama zilivyokuwa zimefungwa, hata zile mbovu. Fundi akipewa injini peke yake ataijaribu na betri yake mwenyewe, ataona inachaji, atapokea pesa na kukurudishia injini, na tatizo utalikuta kule kule botini. Andika pia kwenye karatasi namba tatu: volti za betri ikiwa imetulia, volti wakati wa stata, na volti injini ikiwa kwenye resi. Uliza pia, kabla hajabadilisha kitu, akuonyeshe kwenye multimita kipimo kilichomfanya akilaumu kipuri hicho. Fundi mzuri hatakasirika.